Hadubini ya Marehemu Velev

Jumatatu, 1 Machi

Leo ni siku ya kufungana nyuzi nyekundu na nyeupe za kukaribisha majira ya kuchipua. Nimefunga mbili: mmoja mkononi mwangu, mwingine kwenye shingo ya hadubini, kama marehemu Profesa Velev alivyofanya kila mwaka. Halafu Daktari Borislava, bosi wetu, akaiharibu siku. Ijumaa hadubini inatupwa! Eti imezeeka, eti Snezhana, mtafiti wetu kijana, ana mpya ya kompyuta. Imezeeka! Ndiyo iliyonifundisha kazi, mimi niliyeingia maabara hii kuosha chupa, bila mjomba wa kunisukuma. Velev alinichemshia kahawa juu ya taa ya spiriti. Sasa mashine ya kahawa ya koridoni inatema maji ya kuoshea vyombo.

Nikasema hadubini hii inaona kuliko macho yao yote. Borislava akasema haya, mzee Lyuben, tuonyeshe Ijumaa. Ikiona, inabaki.

Jumanne, 2 Machi

Mpango! Sote tunasaka protini moja kwenye retina za vitoto vya panya, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga: huanza kujitokeza lini? Snezhana anasema siku ya nne tangu kuzaliwa. Kabla ya hapo haoni kitu. Mimi nitaionyesha siku ileile ya kuzaliwa, kwa hadubini ya Velev. Snezhana atameza kompyuta yake.

Kazi yenyewe rahisi. Kingamwili hunata kwenye protini, rangi ya kijani hunata kwenye kingamwili, unatazama. Nina vipande arobaini na vinane vya retina. Velev angeacha nusu bila kingamwili, akiviita mabubu wake, maana havipaswi kung'aa, na kuvitazama hivyo kwanza, kabla hata ya kahawa. Bubu akianza kusema, Lyuben mwanangu, mmoja wetu kakosea. Nasikia sauti yake hadi leo. Mungu amrehemu, alikuwa mbadhirifu. Vipande ishirini na vinne vya bure!

Nimevipaka vyote. Kingamwili mara mbili.

Alhamisi, 4 Machi

IPO! Kijani tupu, ukingo wa ndani wa retina, siku ya kuzaliwa! Taa ya hadubini ikatoa harufu yake ya vumbi lililopata joto, na kwa dakika nzima nilisubiri Velev apige mluzi nyuma yangu. Nimelia kidogo. Ni ile spiriti ya kufutia vioo.

Nikaenda kwa Snezhana kuazima chumvi nisiyoihitaji, nikamwambia. Akaniuliza mabubu wako wanasemaje, babu? Nikamjibu mabubu ni wa waoga.

Nimeagiza banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, ya maabara nzima. Na boza ya kushushia.

Ijumaa, 5 Machi

Banitsa ilisifiwa. Basi.

Borislava alitazama, akaomba bubu. Sina. Snezhana, mwenye huruma ya paka, alikuwa na kipande cha siku ileile, bila kingamwili, bila rangi, bila chochote. Tukakiweka chini ya hadubini yangu.

Kikang'aa. Kijani. Ukingo uleule! Kizuri kuliko changu!

Damu. Jicho la panya mchanga lina mishipa ya utotoni ambayo hunyauka baadaye, na damu yake ikishalala kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia vipande, hung'aa yenyewe, bila kuombwa. Nimegundua damu. Snezhana akasema tusimwonee mzee, hadubini yake inaona damu vizuri sana. Wakacheka midomo imejaa banitsa yangu.

Hadubini ikawekwa koridoni na karatasi: anayetaka achukue.

Jumapili, 7 Machi

Imo jikoni kwangu, kando ya mtungi wa kachumbari. Nimeipandisha ghorofa nne, mgongo umegoma. Uzi bado uko shingoni mwake. Nimechemsha kahawa kwenye spiriti, nikatazama vipande vyangu tena. Vizuri mno. Mishipa ile hulisha jicho linapokua, kisha inayeyuka, na jicho halina hata shukrani. Velev hakustahili kusahauliwa hivyo.

Nimepiga hesabu. Kosa liko wazi: kingamwili ilikuwa kidogo, damu ikaizidi nguvu. Kesho ni sikukuu ya wanawake. Nitampelekea Snezhana maua, alainike, anipe vipande tisini na sita vya siku ya kuzaliwa. Kingamwili mara nne.

Mabubu: sifuri.

Velev angejivunia.