Injini Inayoiba Hewa

Jumatatu, 4 Machi
Gari limeanza tena! Nikikanyaga mafuta, linakwenda. Nikisimama, linatetemeka kama lina homa, kisha kimya. Taa ya injini inawaka. Na Alhamisi mama mkwe anapasuliwa mtoto wa jicho, nafasi aliyoisubiri miezi na miezi. Shemeji, kaka wa mke wangu, amejitolea kumpeleka kwa gari lake jipya. Nimekataa katakata. Mke wangu kaniomba niite fundi. Fundi wa nini, na mimi nipo?

Jumanne, 5 Machi
Nimefungua plagi. Nyeupe kama chaki! Simu inasema: hewa nyingi, mafuta machache. Basi dawa ni kupunguza hewa. Nikasokomeza taulo kwenye bomba la hewa. Gari likakohoa, likafa. Taulo la mke wangu, lile jipya. Shemeji akapita, akauliza kwa upole kama siku hizi naosha gari kwa ndani. Mtu huyu!

Jumatano, 6 Machi
Nimebadilisha pampu ya mafuta. Wapi! Nyumba nzima imenisusa, isipokuwa mama mkwe. Alikuja akipapasa ukuta, akaketi kwenye kigoda kunipa kampani. Injini ikinguruma, akaniuliza, "Baba, humo ndani kuna nyoka?" Nikacheka. Akashikilia kwamba kuna kitu kinalia sss, upande wa nyuma. Nikatega sikio. Kweli! Mpira mwembamba nyuma ya injini, umepasuka kwa chini. Nikaubana kwa vidole: injini ikatulia tuli. Kumbe ilikuwa inaiba hewa hapo! Nimeweka mpira mpya. Nusura nilie. Mama akasema sauti hiyo aliisikia tangu Jumatatu, ila nilikuwa nalifokea gari, akaona aibu kunikatiza.

Alhamisi, 7 Machi
Tumefika hospitali bila gari kuzima hata mara moja. Nyuma yetu, njia nzima, shemeji. Nilidhani anangoja nikwame anicheke. Kumbe alibeba maji na blanketi la mama, asije akakaa barabarani na baridi. Nimemshukuru kwa moyo wote. Karibu wote.

Ijumaa, 8 Machi
Bendeji imetolewa. Mama anaona! Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza mke wangu kama mwenye ile sauti kubwa ndiye huyu mwembamba. Nimefurahi mno. Nina deni la shukrani kwa watu wote duniani. Nimeanza kulipa leo leo: friji ya jirani haigandishi, naye alitaka kuita fundi. Nimemzuia. Nimeshaifungua yote.