Upinde wa Mvua Ndani ya Boksi la Viatu

Jumatatu, 3 Machi
Nyota njema huonekana asubuhi! Bosi wa duka la rangi katangaza: atakayechanganya rangi ikafanana na ya ukuta wa zahanati ndiye mkuu wa chumba cha kuchanganyia. Tunashindana wawili, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye anategemea macho. Maskini!

Mimi nimetengeneza mashine. Boksi la viatu, upenyo mwembamba, kipande cha CD, simu. Picha moja tu, na mwanga wa kitu unajianika wote, nyekundu hadi zambarau. CD ilikuwa ya harusi yetu. Mke hajajua.

Jumanne, 4 Machi
Mke kajua. Nimehamia sebuleni.

Kazini, balaa. Nyeupe, buluu, kahawia, zote michirizi ileile! Shemeji kachungulia, akasema napiga picha ya taa ya dukani, nijaribu juani. Nikamjibu ndiko nilikokuwa naelekea. (Uongo.)

Jumatano, 5 Machi
Juani inafanya kazi! Kila rangi na upinde wake. Nilipiga kelele, mteja akadondosha kopo. Miaka tisa nabeba makopo hayo. Nautaka ufunguo wa chumba kile mpaka naumwa.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya mtihani. Zahanati, jua kali, nikausogelea ukuta kabisa, nikapiga. Dukani joto, nikavua ovaroli, nikachanganya, nikipima kopo nje juani, hadi upinde wake ukafanana na wa ukutani. Macho yakaniambia hii ni rangi ya papai. Nikayaambia yanyamaze.

Ukuta ni krimu. Tuliporudi kupaka, muuguzi kauliza kama pale nilipopaka mimi paliwahi kuungua. Shemeji kapatia, kakabidhiwa ufunguo. Nilijifungia stoo nikalia kidogo.

Akanifuata. Akasema mashine haijakosea, ovaroli yangu ya chungwa ndiyo iliyorusha mwanga wake ukutani. Kikulacho ki nguoni mwako. Keshaniombea kwa bosi: Jumatatu nipewe ukuta wa nyuma, nikipatia tushike ufunguo wawili. Ila nivae nyeusi.

Ijumaa, 7 Machi
Nyeusi! Wivu tu. Anataka nionekane nimefiwa siku ya ushindi wangu.

Nimefikiri mwenyewe, kisayansi. Tatizo lilikuwa chungwa. Basi nimenunua ovaroli mpya, ya kijani, inang'aa hadi jirani kafumba macho. Jumatatu nitausogelea ukuta zaidi.