Malisho ya Bahari Dirishani Kwangu

Jumatatu, 5 Februari 2001
Halimo amerudi. Chuo kimefungwa, wanafunzi wamepigana na polisi tena. Binti yangu amekaa kwenye meli ya utafiti miezi miwili, na alichomletea babake ni chupa tisa za maji ya chumvi! Amezipanga dirishani sebuleni, ndani ya beseni. Anasema mna mimea midogo mno, macho hayaioni. Kila siku ya tatu huchukua tone, huinamia hadubini ya kuazima na kuhesabu. Digrii yake ya pili yote imo humo. Nimeambiwa nisiguse.

Jumanne, 6 Februari
Kahin alipita. Tunauza mbuzi soko moja miaka kumi na sita na hajawahi kunisifia hata kamba. Alitazama zile chupa tatu za mwisho, safi kabisa, akauliza kama msichana alipelekwa kusoma au kuteka maji. Binti yake Kinsi, alinikumbusha, ana duka la dawa Kangundo. Nilimpa chai isiyo na sukari.

Baadaye nilimuuliza Halimo mbona zile tatu hazina kitu. Akanieleza. Karibu na pwani mito huleta chakula, mimea hukua haraka, maji huwa ya kijani. Maji baridi yanapopanda kutoka chini, hapo pia hushiba. Lakini katikati, mbali na nchi kavu, jua ni tele na chakula hakuna. Mimea ni michache, midogo zaidi, yakua polepole. Ni jangwa, Aabo, alisema. Nilisikia uchungu. Jangwa nalijua. Lilinilia mbuzi arobaini.

Alhamisi, 8 Februari
Halimo yuko Nairobi kwa profesa wake hadi Jumapili. Nimewaza sana. Mtoto atapewa alama gani kwa kuhesabu jangwa? Malisho yakikauka mfugaji hakai akitazama! Nimeloweka samadi ya mbuzi, nikaichuja mara mbili kwa kitambaa. Mimi si mshamba. Kijiko kimoja kwa kila chupa safi. Mke wangu Hafso alinikuta na kijiko mkononi. Alisema, "Mzee, wachana na vitu za mtoto." Nikamjibu kwamba hii ni kazi ya kitaalamu.

Jumapili, 11 Februari
Kijani! Zote tatu! Nilimwita Kahin mwenyewe aje aone. Alizikagua moja moja, kama anayetafuta kupe. Hapo Halimo akaingia na mkoba wake. Nilimwonyesha chupa kwa mkono, vile tunavyoonyesha fahali sokoni.

Alifungua moja, akanusa. Akauliza nimetia nini. Nikamwambia. Alikaa sakafuni. Alisema meli ilikwenda siku kumi na mbili kufika maji yale, na haitarudi huko hadi mwaka ujao. Alisema ule uhaba ndio aliokwenda kuupima. Bila hizo tatu hana la kulinganisha na zile za pwani, na bila hilo hana digrii. Kisha akalia bila sauti. Kahin alichukua kofia yake akaondoka, wala hakunicheka. Hilo liliniuma zaidi. Nina aibu. Naiandika hapa kwa sababu kuisema mbele yake nimeshindwa.

Jumatano, 14 Februari
Alhamdulillahi! Henry, mwenzake wa melini, ameleta chupa tatu za akiba, maji yale yale. Ndizo za mwisho. Halimo amecheka, amenisamehe mbele ya mgeni. Ametuapisha nyumba nzima: hakuna kutia kitu. Nimeapa kwa sauti kuliko wote.

Amezifunga kwa nailoni nyeusi, akaziweka kabatini. Anasema mimea isikue hata kidogo mpaka aanze kuhesabu Ijumaa. Sawa. Lakini gizani! Chakula haina, na sasa hata jua, mali yake pekee, imenyang'anywa. Nimepita mbele ya kabati mara nne na roho haijatulia.

Kesho yeye na mamake wanakwenda Athi River kumwona shangazi. Nitazifungua, nizianike ukutani hadi adhuhuri tu. Samadi sitatia hata tone. Mtu hujifunza.