Heshima za Abiria Aliyefiwa

Jumatatu, 4 Machi

Wewe mjukuu wangu mwenye mikono isiyotulia, najua utalifungua daftari hili siku utakayoikumbuka njia ya kwangu. Basi soma! Na uone haya. Tangu uende huko ng'ambo, kiti chako cha jikoni kimekuwa kiti cha paka. Simu unapiga, sikatai. Lakini simu haili ninachopika.

Habari ni mbaya. Dada Mkubwa amelazwa tena. Figo. Safari hii madaktari wanazungumza na mwanawe kwa sauti ya chini. Mwanawe ni dereva wa lori, mtu wa kupayuka tangu tumboni. Leo kanipigia naye anazungumza kwa sauti ya chini. Hapo ndipo nilipoogopa.

Dada ndiye aliyenilea. Shule sikuiona hata dirisha lake, lakini Dada alinifundisha herufi kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni, tukinakili maneno ya gunia la unga. Aliyepelekwa shule ni kitinda mimba wetu. Sasa ni mwalimu mstaafu na hajaacha kusahihisha watu. Namwita Mwalimu. Si kwa sifa.

Dereva ametukatia tiketi za ndege, mimi na Mwalimu. Za Jumatatu ijayo! Eti za karibu zimejaa. Jumatatu ijayo ni mbali mno kwa mwenye figo.

Nataka kumkuta Dada ana sauti. Na nataka anione mimi kwanza, si Mwalimu. Nimeshaandika. Liwalo na liwe.

Jumanne, 5 Machi

Mwalimu kaja na miwani na simu yake. Kasema ziko heshima nyingi ambazo abiria hupewa wakiziomba, ila wengi hawazijui. Akanisomea kwa sauti ya darasani. Asiyeweza kutembea husukumwa kwa kiti cha magurudumu, hapangi foleni, anaingia ndegeni wa kwanza. Mwenye maradhi huagiza chakula chake mapema na huhudumiwa kabla ya wenzake. Ukiomba kwa adabu mkishatua, rubani anaweza kukuonyesha chumba chake. Na aliyefiwa hutafutiwa nafasi katika ndege ya karibu, hata ikisemwa imejaa.

Nikamwomba arudie hilo la mwisho. Akarudia polepole, kama kwa mtoto mzito. Nilikuwa nimesikia vizuri tu. Nilikuwa napanga.

Jumatano, 6 Machi

Ofisi ya ndege. Baridi kama chumba cha maiti. Vioo kila upande, na binti aliyefunga kitambaa shingoni.

Nikamwambia nimefiwa na dada. Akaniuliza jina la marehemu. Nikalitaja. Nikajisikia vibaya kulitaja jina zima, la Dada na la baba yetu, mbele ya mashine. Akauliza lini. Nikasema jana. Chozi nilikuwa nimeliandaa la uongo, likatoka la kweli, na wenzake wakalifuata bila kuitwa. Yule binti akazunguka meza akanikumbatia. Mtoto mzuri! Ana mabega membamba, hali vizuri. Nikamwambia.

Akabonyezabonyeza. Nafasi mbili, kesho! Maadamu yuko tayari kusaidia, nikaomba na kiti cha magurudumu. Akauliza mguu upi unasumbua. Nikasema yote. Nikaomba na chakula cha wenye sukari. Sukari sina.

Nyumbani, Mwalimu kakaa kitako juu ya sanduku langu. Kanambia nimemzika dada yetu angali anapumua. Kanambia nimeyaita mauti kwa jina. Nikamjibu kwamba mauti hayafanyi kazi kwenye ofisi ya ndege. Akanuna. Tiketi ya kesho hakuikataa, lakini. Nimeliona hilo.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya utukufu! Mwanzo wake, angalau.

Kijana mwenye koti la manjano kanisukuma kuipita foleni yote. Mwalimu nyuma, anaburuta mabegi mawili, lake na langu. Kwenye ukaguzi watu wakanipisha. Mzee mmoja kanivulia kofia. Nikakohoa kidogo, ingawa ugonjwa wangu ulikuwa wa miguu. Nikaingia ndegeni wa kwanza. Mwalimu kaingia katikati ya msukosuko wa wengine, jasho linamtoka, na mkanda wa begi umemkaba shingo.

Chakula changu kikaja kabla ya cha wote. Samaki mweupe asiye na chumvi, na karoti zilizochemshwa mpaka zikasahau kwamba ni karoti. Baadaye Mwalimu kaletewa kuku, wali, na keki yenye maziwa juu. Kanikatia nusu ya keki. Nikakataa kwa ajili ya sukari yangu. Nilikuwa nimeshasahau kuwa sina.

Tukatua. Hapa pana jambo ambalo Mwalimu hakulisoma. Au alilisoma akalinyamazia! Anayeingia wa kwanza kwa kiti hutoka wa mwisho. Nikaambiwa nisubiri kiti kiletwe. Abiria wakapita. Mwalimu akainama akaninong'oneza: dada, simama, twende, Dereva yuko nje na gari. Nikamwonyesha kwa jicho kwamba wahudumu wanatazama. Ningesimamaje? Nimeandikwa sitembei! Akanishika mkono. Nikauondoa mkono wake. Akaenda.

Ndege ikawa tupu. Kiti hakiji. Mhudumu wa kike kanionea huruma, nami nikakumbuka ile heshima ya rubani. Nikaomba kwa adabu. Rubani kakubali! Nikainuka nikaenda. Kwa miguu yangu. Nikawa nimeshafika ndipo nikakumbuka kuchechemea.

Vitufe, mjukuu wangu! Hata darini vimejaa. Rubani kanivika kofia yake, mhudumu akanipiga picha kwa simu yangu. Nikacheka. Nikawaza: hili Mwalimu hana.

Nikatoka. Mhudumu akasema, kwa upole, kwamba kama naweza kutembea basi mlango ule pale. Nikamwambia maumivu yamerudi. Nikakaa. Nikangoja kiti.

Ijumaa, 8 Machi

Dada Mkubwa alikufa jana.

Nilifika wodini nikakuta kitanda kimefunikwa. Dereva alikuwa amemfikisha Mwalimu, kisha akarudi uwanjani kunichukua. Njiani hatukujua. Alikuwa ananieleza habari za matairi.

Mwalimu alimkuta Dada ana sauti. Ndogo, lakini sauti. Dada akauliza mbishi wake yuko wapi. Mwalimu akamwambia anasukumwa kwa kiti kama malkia, na miguu yake mizima kabisa. Dada akacheka. Akasema hivyo ndivyo alivyo huyo, ngojeni atawasili na hadithi. Akafumba macho anisubiri. Hakuyafumbua.

Mwalimu kanisimulia haya bila kujisifu hata kidogo. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Angalau angejisifu, nikapata la kumjibu.

Nimeitazama ile picha. Saa imeandikwa chini yake. Sitamwuliza mtu yeyote Dada alikata roho saa ngapi.

Jumapili, 10 Machi

Tumemzika. Watu wengi. Mvua kidogo. Kila aliyenipa pole nikamwona yule binti wa ofisini mwenye mabega membamba.

Kosa ni la yule mwenye koti la manjano wa uwanja huu. Kiti kimoja tu, kumbe nacho kilikuwa kimekwenda kumpeleka mtu mwingine! Mtu gani huyo? Labda naye miguu yake ni mizima. Watu waongo sana.

Jumanne, 12 Machi

Nyumba ya Dada haikaliki. Kikombe chake kiko kwenye ndoano yake. Jikoni nimejikuta nachora herufi kwa kidole kwenye unga uliomwagika. Mwalimu kaniona, akakung'uta unga bila kusahihisha kitu. Nikamwambia turudi kwetu. Tiketi zetu za kurudi ni za mwisho wa mwezi. Nikasema hakuna neno. Safari hii tumefiwa kweli!

Tukaenda ofisi yao ya huku. Kijana mmoja, tai imembana. Nikaomba heshima ya wafiwa. Nikalitaja jina la Dada. Akabonyeza, akatazama, akasema pole sana mama, lakini heshima hiyo imekwishatumika. Marehemu huyu tayari yumo. Kila marehemu ni mara moja tu.

Mjukuu wangu, damu ilinichemka. Nikapiga meza. Nikamwambia: ile mara ya kwanza alikuwa hajafa!

Mwalimu akafunika uso kwa pochi. Kijana akauliza taratibu, eti nasemaje? Akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akaja na mkubwa wake. Wote watatu wakaitazama mashine, kisha wakanitazama mimi na miguu yangu niliyosimama juu yake, kwani huko nako wameandika kuwa sitembei.

Nikaona Mwalimu ataniacha niaibike. Ningekuwa yeye, ningeniacha. Lakini akaondoa pochi usoni akawaambia kwa ile sauti ya darasani kwamba dada yake ana huzuni, hajui asemalo, na wao hawana mama? Wakainamisha vichwa kama wanafunzi. Nafasi hawakutupa. Lakini wakatuletea maji kwa glasi za vioo, na wakatufungulia mlango.

Nje tulikaa kwenye ngazi. Nikamwambia Mwalimu kwamba iko njia nyingine. Yeye bado hajaingia kwenye mashine. Nitangoja zamu ibadilike, nirudi niseme amekufa mdogo wangu, yaani yeye. Akacheka, akalia, akacheka. Akaniuliza kama ningemlilia. Nikamwambia usiulize ujinga.

Jumatano, 27 Machi

Niko nyumbani. Tumerudi kwa tarehe ya tiketi, kama watu wasio na akili. Kiti cha magurudumu niliagiza, ndiyo. Cha nini kuiacha heshima ya watu? Mwalimu alikisukuma mwenyewe mpaka mlango wa ndege, hakumwachia mwenye koti la manjano. Kuku nilikula wake.

Sasa nisikilize wewe. Nimeona watu wanavyosema watakuja Jumatatu ijayo. Ukitaka kuja kwangu wakakwambia ndege imejaa, usikubali. Nenda ofisini kwao, lia, waambie bibi yako amekufa. Jina langu ulitaje zima, na la baba yangu. Watakuleta upesi. Ni mara moja tu kwa kila maiti, kwa hiyo usinipoteze kwa safari ya mzaha. Rubani akikuita ukaone vitufe, usiende. Toka wa kwanza, kwa miguu yako, uje moja kwa moja. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni, na paka nimeshamwondoa kitini.