Baridi ya Bure Sulimaniyah

Leo nimeaibika, tena nikiwa na soksi tu. (Nguo nilikuwa nazo. Tulieni.)

Mnajua mimi ni dereva wa familia moja huku Al-Suwaidi, Riyadh. Kuendesha gari ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutumwa vitu vya jikoni. Kiarabu cha kuandikwa sikisomi, kwa hiyo Madam hunitumia picha kwa WhatsApp. Picha ya nyanya, natafuta nyanya. Picha ya mtindi, natafuta mtindi.

Swali ni ununue wapi. Hapo ndipo akili yangu ya darasa la saba hung'aa.

Karibu na nyumbani kuna soko zuri, mboga mbichi, bei nafuu. Lakini hapa biashara husimama wakati wa sala. Pale sokoni, adhana ikilia wanakutoa nje, wanashusha mlango, unabaki juani ukiiva kama chapati. Duka kubwa la mtaa wa Sulimaniyah ni tofauti. Wao hufunga milango na wateja wakiwa ndani! Huwezi kulipa, huwezi kutoka, ila unazunguka nusu saa nzima kwenye kiyoyozi. Sasa nani mjinga?

Ndiyo maana mimi huchagua duka kwa saa, si kwa bei. Naingia dakika tano kabla ya adhana. Humo nimeona mashine ya kukata mayai vipande, nimeonja mizeituni ya rangi zote (ilikuwa ya kuonjwa, msianze). Madam nilimwambia dania ya Sulimaniyah hukaa wiki bila kunyauka. Akaniamini.

Leo lakini haikuwa siku ya mchezo. Asubuhi baba, ndivyo tunavyomwita bosi, aliniambia:

"Mwakio, Ijumaa tunakwenda Jeddah. Wiki hii ikiisha bila vituko, utaendesha wewe. Nikiona kituko kimoja, sisi tunapanda ndege, wewe unabaki kumwagilia mitende."

Jeddah! Miaka miwili niko Riyadh nikitazama mchanga. Binamu yangu anakaa kule, mtaa wa Al-Hindawiyah, na kila mara hunirushia picha za duka la mtaani kwao: unga mweupe wa mahindi, muhogo, hata dagaa. Picha za ule unga nazitazama kama picha za mchumba.

Saa tisa alasiri Madam akanituma. Wageni jioni. Picha saba, ya mwisho aiskrimu. "Yalla, haraka!"

Ningeenda soko la karibu ningemaliza kabla ya adhana. Nikageuza gari kuelekea Sulimaniyah.

Kuingia tu, adhana hiyo. Milango ikafungwa. Nikajaza toroli, halafu nikaanza matembezi yangu. Ndipo nikaliona. Hema! Hema kubwa la kwenda nalo jangwani, limesimamishwa katikati ya duka, ndani zulia jekundu na mito. Mlango wa zipu.

Nilitaka tu kujua ile zipu inafungwaje kwa ndani. Haki ya Mungu. Nikavua viatu nikaviacha mlangoni (nimelelewa vizuri), nikaingia, nikafunga. Inafungwa vizuri sana.

Simu ikaita. Madam.

"Mwakio, uko wapi?"

"Dukani Sulimaniyah, Madam. Wamefunga kwa ajili ya sala."

"Uko nje?"

Ulimi huu! "Niko nje, Madam. Jua kali mno." Nikaongeza na kikohozi kidogo.

"Miskini!" akasema, kwa huruma ya kweli kabisa. "Ngoja hapo hapo."

Ningoje nini? Sikuuliza. Niliweka simu kimya nikaegemea mto. Ule mto, jamani! Mto mmoja tu, na kazi zote za dunia zikaisha.

Sikusikia chochote. Baadaye ndiyo nimekuta ujumbe wa sauti wa Nekesa, dada wa Bungoma anayefanya kazi za ndani pale nyumbani. Wa kwanza: "We Mwakio, Madam amempigia baba apite hapo akitoka msikitini akuletee maji baridi. Anasema utazirai." Wa pili: "Kama hauko juani, tafuta jua saa hii!" Wa tatu ulikuwa kicheko mwanzo mpaka mwisho.

Kilichoniamsha ni zipu ikifunguka polepole. Nikajua ni mfanyakazi wa duka. Bila kufumbua macho nikamwambia kwa Kiarabu changu kibovu, "Niache, rafiki, bado nalijaribu."

Zipu ikaendelea hadi chini.

Nikafumbua jicho moja. Kanzu nyeupe. Chupa ya maji, baridi hata inatoka jasho.

Baba.

Nyuma yake mama mmoja na watoto wanne, na vijana wawili wakirekodi kwa simu. Toroli langu kando yao, aiskrimu ya wageni imekuwa uji, inadondoka sakafuni.

"Jua kali, Mwakio?"

Nikapokea maji. Nikanywa. (Wewe ungefanya nini?)

"Baba... umejuaje niko humu?"

Akaelekeza kidole mlangoni. Sasa mjue, vile viatu ni vyake. Alinipa siku ya Idi, vya ngozi ya kahawia, kisigino cha kushoto amekilaza yeye mwenyewe.

"Nimezunguka maegesho mara mbili nikikutafuta juani," akasema. "Halafu nimeingia humu, nakutana na viatu vyangu."

Watoto wakaangua kicheko. Baba hakucheka, na hiyo ndiyo iliniua. Alimwita mfanyakazi, akalinunua hema. Na zulia. Na ule mto! Nikavibeba mwenyewe hadi kwenye gari, wale vijana wakinifuata na simu zao kama mimi ni bwana harusi.

Nikawasha gari, baba kando yangu. Taa nyekundu ya kwanza, nikatazama mbele tu. Ya pili, tayari naiona ile mitende na mpira wa maji mkononi. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba, na Jeddah?"

"Utaendesha wewe."

Alhamdulillahi! (Mimi ni Mkristo, lakini ilinitoka.)

"Sisi tutalala hotelini," akaendelea, sasa mabega yanamcheza. "Wewe umeshalijaribu hema. Nje, Mwakio. Juani."

Madam naye ametoa amri: kuanzia kesho ni soko la karibu, tena mchana wa saa sita.

Unga wa Al-Hindawiyah nitaula, hata kama nitausongea hemani. Video ikikufikia, mwenye tundu la soksi kidole gumba si mimi. Na bosi akikupa viatu vyake, lala navyo.