Chemchemi Niliyoipaka Rangi

Burungu. Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa tatu.

Robine moja! Mradi wa maji unakuja kilimani kwetu na robine moja tu ya kuchotea. Chemchemi ziko mbili: yangu, juu ya shamba langu la maharagi, na ya jirani Rukundo, ng'ambo ya njia. Itakayoonekana safi zaidi njo itafungwa bomba, na robine itasimama mbele ya nyumba ya mwenye shamba. Bibi yangu Mukasine ana mimba ya miezi saba. Kila asubuhi anapanda kule juu na bidoni, dumu la maji. Jana aliteleza, akaanguka na magoti. Nilimwahidi mbele ya mama yake mzazi kwamba kabla mtoto hajazaliwa atachota maji mlangoni. Nimeshasema. Rukundo akipata robine, mimi nitaficha wapi uso?

Jumanne, tarehe 3.

Nimemuuliza Archange, prezida wa komite ya maji, namna watakavyopima. Nilidhani mtu anaonja tu. Wapi! Atakuja Mademoiselle Constance, mtu wa kemia kutoka Goma. Maji yanawekwa kwenye mashini, yanapulizwa ndani ya moto mkali ajabu, na kila chembe ya madini iliyojificha mule, hata isiyoonekana kwa jicho lolote, inapiga mshindo wake, kama tone la mvua juu ya bati. Mashini nayo ina kelele zake yenyewe. Kwa hiyo wanapiga hesabu ndefu kutenga chembe ya kweli na kelele ya bure. Archange alieleza mara mbili. Niliitikia kwa kichwa mara zote mbili.

Nimeshika jambo moja: mgeni anakuja. Na mgeni wa heshima akija, iwe parokiani ao kwa chifu, mawe yanapakwa nyeupe. Nani asiyejua hiyo? Nimepanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Kitchanga kwa Papa Philippe, mfanyabiashara wa Butembo. Chokaa imeisha. Kanipa ndoo ya rangi, akajisifu kwamba nyeupe yake inang'aa sababu ina titani, madini fulani, ndani. Safi sana. Nimepaka kila jiwe, mpaka yale ya chini ya maji. Mukasine alisimama pale, mkono kiunoni.

"Evode, achia hii maji. Iko inatoka yenyewe, haikuomba rangi."

Wanawake hawajui mambo ya mashini.

Alhamisi, tarehe 5.

Mademoiselle amekuja na chupa zake. Ameangalia mawe. Ameniuliza yalipakwa lini. Nikajibu ni tangu wakati wa marehemu baba. Akaangalia shati langu, ambalo mkono wake ulikuwa mweupe mpaka kiwiko. Akaandika kitu. Hakika ni sifa.

Kwa Rukundo, aibu tupu! Majani hayajakatwa, ng'ombe amesimama karibu anashangaa wageni. Rukundo mwenyewe hata kofia hakuvaa. Nimemhurumia kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, tarehe 24.

Sielewi dunia hii. Archange ametusomea majibu mbele ya watu wote. Maji ya Rukundo: mishindo michache, na hesabu inasema karibu yote ni kelele za mashini tu. Maji yangu: titani! Chembe nyingi hata mishindo inapandana, mashini inashindwa kujua hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Eti Mademoiselle aliyazimua kwa maji mengine tena na tena, bado. Watu wamecheka. Philippe, aliyeniuzia, naye alikuwepo, naye kacheka!

Mademoiselle mwenyewe ana roho nzuri. Kanipigia simu, kasema atarudi kuchota tena baada ya Pasaka, ila kwa sharti moja: nisiguse kitu. Mvua itaosha polepole. Nikasema ndiyo, Mademoiselle, aksanti, Mademoiselle.

Jumatano, tarehe 25.

Mvua! Kazi ya muntu mzima niiachie mvua? Nimechukua brosi ya chuma, mchanga na majivu, vile mama zetu wanavyosugua sufuria. Nimesugua toka asubuhi. Rangi imetoka yote. Imeingia ndani ya maji yote. Chemchemi imekuwa maziwa. Mukasine amekuja na bidoni, ameangalia, amegeuka, amerudi nayo tupu. Afadhali angenitukana.

Jumanne, tarehe 21 mwezi wa nne.

Majibu ya pili. Titani iko palepale. Na sasa chuma pia, cha brosi. Robine ni ya Rukundo. Imekwisha.

Jioni Rukundo kaja kutupa pole. Kasema mlango wake ni mlango wetu, Mukasine achote saa yoyote. Kasema kwa upole, tena bila kucheka. Hiyo njo iliniuma kuliko kicheko cha Philippe. Sikulala.

Jumamosi, tarehe 9 mwezi wa tano.

Mtoto amezaliwa! Binti, mzima, ana sauti ya mama mkwe. Wameogesha mtoto wangu wa kwanza kwa maji ya robine ya Rukundo. Nilimshika, nikamwomba msamaha kwenye sikio. Nililia, naandika bila haya. Nikaapa kuacha ujanja.

Halafu nikafikiri. Kule Walikale watu wanatoboa milima kwa kutafuta madini. Na mimi je? Mashini ya kisayansi imesema mara mbili, na hesabu zake zote, kwamba humu Masisi kwetu titani iko kwa nani? Kwa Evode! Wakanyang'anywa akili, wakampa Rukundo maji, wakaniachia mgodi. Keshokutwa nakwenda Walikale kutafuta mnunuzi. Chupa ya kuonyesha nimeshaijaza maji ya chemchemi.

Mukasine ameita toka kitandani, niende kwa robine kuchota bidoni moja ya kufua nguo za mtoto. Nimemjibu avumilie, niko nazungushia mgodi miiba, wezi wasiingie.

Bidoni imeletwa na Rukundo.