Shangazi, Ishi Kama Picha Yako

Ofisi ya Mkuu wa Mawasiliano ya Kimkakati,
Shirika la Kutetea Nishati Safi,
Ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na ngazi.

Kwako Shangazi,
Nyumba ya kona, nyuma ya bango letu.

YAH: MALALAMIKO RASMI KUHUSU TABIA YAKO YA KUENDELEA KUPIKA KWA KUNI

Shikamoo Shangazi. Mfumo wetu wa barua za ofisi hauna sehemu ya shikamoo, ila nimeiingiza kwa mamlaka niliyonayo, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipofariki na sitaki useme ofisi imeniharibu. Baada ya hapo naomba tuheshimiane kikazi.

Kama unavyokumbuka, miezi minane iliyopita nilikuja kwako na mpiga picha, gari la ofisi, na jiko moja la umeme wa jua ambalo lilikuwa bado na nailoni yake. Tulihitaji picha mbili, "Kabla" na "Baada". Mpiga picha alianza na "Baada", maana mwanga wa asubuhi dirishani ulikuwa mzuri na blauzi yako ilikuwa haijaingia masizi. Ukasimama kando ya jiko, ukacheka, ukapendeza. Mchana tukapiga "Kabla". Tulikuomba uwashe kuni mbichi ili moshi utoshe, nawe ukakohoa vizuri sana bila kuelekezwa. Kisha tukalirudisha jiko kwenye boksi lake tukaondoka nalo. Kwa mpangilio huo maisha yako yaliboreka saa tatu asubuhi na yakarudi yalikotoka saa saba mchana, lakini kwenye ripoti tumeyapanga inavyotakiwa na hakuna msomaji aliyelalamika. Anayelalamika ni wewe peke yako.

Yafuatayo ndiyo yanayonisikitisha.

1. Moshi wako unapita mbele ya bango. Bango lile, lenye sura yako na maneno "Moshi Ni Historia", tuliliweka kwenye kona yenu kwa heshima yako. Kila siku saa sita moshi unatoka dirishani kwako, unapanda taratibu bila haya, unamfunika usoni yule shangazi wa kwenye picha. Nusu ya chini ya bango imeshakuwa nyeusi. Neno "Historia" halisomeki tena, linaloonekana ni "Moshi" tu, na wapita njia wanadhani ndiyo bidhaa tunayoitangaza.

2. Uliniumbua kwenye warsha. Nilikuandalia sentensi tatu, tatu tu, nikaziandika kwa herufi kubwa ili miwani isiwe kisingizio. Mwandishi wa habari alipokuuliza jiko limebadilishaje maisha yako, ukasema mbele ya ukumbi mzima: "Jiko zuri, mwanangu. Nililishika asubuhi, mchana wakaondoka nalo." Niliwatafsiria wageni kwamba umesema hutausahau mradi huu maisha yako yote. Wakapiga makofi, mmoja akajifuta machozi. Nilikusitiri, Shangazi, na hukusema hata asante. Ulimfuata mhudumu kumuuliza kama unaweza kufungiwa chakula kilichobaki, kwa kuwa kuni zako siku hiyo zilikuwa zimelowa.

3. Kikohozi. Ukurasa wa kumi na nne wa ripoti yetu ya mwaka unasema waziwazi kwamba kikohozi kimekwisha, macho hayawashi tena, na ukuta wa jikoni ni mweupe. Ripoti imeshachapwa, na ina jalada gumu. Pamoja na hayo, mwezi uliopita ulikwenda zahanati ukakohoa mbele za watu. Nesi wa zamu alikuwa na kalenda yetu ukutani, nawe ndiye mwezi wa tano. Akakutazama, akaitazama kalenda, akaandika kwenye kadi yako "moshi wa jikoni", na akakwambia kifua hicho kikiendelea hivi hakitakufikisha mbali. Kalenda akaiteremsha. Sasa ulishindwa nini kusema ni vumbi? Vumbi lipo kila mahali na hakuna shirika linaloandika ripoti juu yake.

4. Majirani. Walipokuja kuliona jiko ungeweza kusema ufunguo umepotea, au una wageni, au lolote ambalo watu wastaarabu husema. Wewe ukawafungulia mlango ukawaonyesha mafiga matatu. Jumatatu iliyofuata wanawake kumi na saba walikuwa mapokezi kwetu wakiuliza jiko la Shangazi liko wapi. Dada wa mapokezi aliwaambia mkurugenzi yupo kikaoni, kama anavyowaambia watu wote, na wao wakakaa wakamsubiri. Hilo halijawahi kutokea. Ilibidi nishuke mwenyewe niwaeleze kwamba sisi ni shirika la utetezi: hatugawi majiko, tunagawa uelewa. Mshonaji wa mtaani kwenu, yule mnayemwita Sindano, akaniuliza huo uelewa unachemsha maji kwa dakika ngapi. Swali hilo halikuwamo kwenye orodha yetu ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Kamati ndogo bado inalifanyia kazi.

5. Sanduku la maoni. Uliandika, kwa mwandiko wako ule ule uliokuwa ukinisainia madaftari ya shule: "Naomba jiko langu la kwenye picha." Ni karatasi ya kwanza kuingia humo tangu sanduku litundikwe, na ilibidi tulivunje kwa bisibisi kwa kuwa hakuna aliyejua ufunguo uliko. Mkurugenzi akaisoma mbele ya kikao akauliza mwandishi ni nani. Nikasema ni mwananchi mwenye uelewa mdogo. Samahani kwa hilo, ingawa kikaoni lilipokelewa vizuri.

Shangazi, nakuja kwenye jambo lenyewe. Alhamisi hii wanakuja wageni kutoka kwa wafadhili wetu. Hawataki hotuba wala filamu fupi. Wametaka kitu kimoja: kumwona shangazi wa kwenye bango akipika. Wakikuta mafiga, mimi nafungasha vitu vyangu siku hiyo hiyo. Nipo roho juu, na nakuambia hivyo bila kupamba, jambo ambalo katika kazi hii silifanyi mara nyingi.

Nilidhani suluhisho ni jepesi. Nilimtuma binamu aje akueleze kwamba jiko limehifadhiwa mahali salama, kwamba nitalileta saa mbili asubuhi na kulichukua saa tano wageni wakishaondoka. Akarudi na jibu lako: "Mwambie hilo jiko likivuka kizingiti changu safari hii, halitoki." Shangazi, hiyo ni lugha ya kumwambia Mkuu wa Mawasiliano?

Kwa sababu ya msimamo huo, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu:

(a) Usipike kuanzia Jumanne, ili nyumba ipate kupumua. Watu wengi hula vitu vya baridi na wanaendelea na maisha yao.

(b) Ukuta wa jikoni upakwe chokaa, angalau ule upande unaoingia kwenye picha.

(c) Alhamisi yenyewe uende kwa dada yako tangu asubuhi, ukamsalimie. Nafasi yako itakaliwa na mhasibu wetu, ambaye akivua miwani na kufunga kitambaa anafanana nawe kiasi cha kuridhisha. Yeye zile sentensi tatu amezikariri zote, na hana kikohozi.

(d) Ukikutana na wageni njiani, wewe ni jirani.

Najua utauliza kwa nini nisikuachie tu hilo jiko mambo yakaisha. Nimelifikiria, sikatai. Lakini lile ni sampuli, na sampuli ikitumika inakuwa jiko. Zaidi ya hapo, mwakani tunaanza kampeni nyingine na tutahitaji tena picha ya "Kabla". Ukishapata jiko, atakohoa nani? Mhasibu nimemjaribu, anakohoa kama mtu anayebisha hodi. Hivyo nimependekeza kwa mkurugenzi uteuliwe Balozi wa Kudumu wa Kabla. Ni cheo, kina kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na hakikulazimishi kubadilisha chochote nyumbani kwako. Sidhani kama kuna shangazi mwingine katika ukoo wetu aliyewahi kuheshimiwa hivyo.

Naomba majibu kabla ya Jumatano, kwa maandishi, na si kupitia sanduku la maoni.

Nisalimie binamu na watoto wake, majirani wote kumi na saba, na hata huyo Sindano. Nesi nisalimie pia ukipita huko, lakini usikae sana.

Wako mtiifu, anayekuombea afya njema kama ilivyoripotiwa,

Mwanao,
Mkuu wa Mawasiliano ya Kimkakati.

Nakala: Faili.

Nyongeza: Mke wangu ameiona barua hii mezani kabla sijaifunga, naye ameniamuru niandike yafuatayo huku amesimama nyuma yangu. Mahali salama ni jikoni kwetu. Jiko lipo hapa tangu jioni ya siku ile ya picha, na mwenzangu amelitumia kupikia miezi yote minane. Kikohozi chake kimekwisha, watoto hawafikichi macho tena, na ukuta wetu ni mweupe. Kwa hiyo, Shangazi, kila kitu tulichoandika ukurasa wa kumi na nne ni kweli tupu. Tulikosea mtu tu. Ameshalifunga kwenye boksi na analileta kwako kesho kwa mikono yake, na amesema safari hii lisitoke. Kuanzia kesho jikoni kwetu kuna kuni, na anayeingia kupika ni mimi, ili siku nyingine nikiandika habari za moshi niwe nimeuvuta.